Ulezi wa baba, hisa za bia na kausha damu

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu baada ya miaka 36 kazini. Ninaishi Iringo, hapa Musoma mjini, na ni mjane. Nimelipwa mafao yangu ya mkupuo. Nimemaliza madeni, nimeezeka nyumba upya, na nimebaki na shilingi milioni 38. Sijawahi kushika fedha nyingi namna hii, na tangu ziingie benki sipati usingizi.

Mwanangu wa kwanza ni mhasibu Dar es Salaam. Ananiambia ninunue hisa za kampuni ya bia na ya sigara, eti ndizo zinazotoa gawio nono kila mwaka. Mimi ni Msabato. Nilipomkumbusha, alinijibu: 'Mama, hela haina dini. Usiponunua wewe atanunua mwingine, na bia itanyweka vilevile.' Shoga yangu wa mtaani, tunayesali naye kanisa moja, anasema niachane na habari za hisa. Anataka nimpe milioni 10 azizungushe kwa kukopesha akina mama wa sokoni, na kila mwezi aniletee milioni moja na nusu mkononi. Mkwe wangu aliyeko Majita naye anaomba nimnunulie mtumbwi, injini na nyavu.

Marehemu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka mmoja nilikuwa nasubiri nauli ya kurudi shule ya bweni. Akaja mwanamke mpika pombe na fedha taslimu, anataka ulezi wetu wote wa ghalani. Baba akakataa. Nilichelewa shule mwezi mzima. Sasa kila nikiwaza hizi hisa namwona baba ananitazama. Nimsikilize yeye aliyekufa, au mwanangu aliyesoma?"

Mwalimu mstaafu, Iringo, Musoma

Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale penye ulezi, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mzee wako hakuwa na uwezo wa kuzuia pombe isipikwe kijijini. Alijua kwamba yule mama angepata ulezi kwa jirani kabla jua halijatua. Kwa hesabu ya mwanao, basi, alijitesa bure na akakutesa na wewe. Lakini swali alilojiuliza lilikuwa dogo kuliko hilo: je, na mkono wangu utakuwamo? Akajijibu kwamba hautakuwamo, akalipa gharama, na wewe ukailipa pamoja naye. Sitakudanganya kwamba dhamiri haina gharama. Wewe mwenyewe ulikaa nyumbani mwezi mzima ukiwa shahidi.

Mwanao, kwa kuwa ni mhasibu, atakuja na hoja nzito zaidi ya ile ya "atanunua mwingine". Atakwambia: mama, mshahara wako wa miaka 36 ulitoka serikalini, na serikali hiyo inakusanya kodi kubwa kwenye bia na sigara. Atakukumbusha pia kwamba viwanda hivyo vilikuwa mikononi mwa umma kwa miaka mingi, hadi serikali ilipouza nusu ya kampuni ya bia, TBL, mwaka 1993 na sehemu kubwa ya kampuni ya sigara, TCC, mwaka 1995. Ni kweli. Hakuna shilingi Tanzania iliyotoka kisimani ikiwa safi. Lakini mshahara wako haukuongezeka kwa sababu kijana fulani wa Nyasho, hapo mjini kwenu, ameanza kuvuta. Uliupata kwa kufundisha watoto kusoma. Mwenye hisa yuko mahali pengine kabisa, kwa sababu yeye ni mmoja wa wenye mali, na mali yake inakua pale tu biashara inapokua.

Kwa hiyo nakupa kipimo ninachokitumia mwenyewe. Usiku ukishapiga magoti, jiulize: ili fedha yangu izae, natakiwa kuomba nini kitokee kesho? Mwenye hisa za kiwanda cha saruji anaomba watu wajenge. Mwenye hisa za benki anaomba wafanyabiashara wakope, wafanikiwe, walipe. Mwenye hisa za sigara anaomba nini? Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya wavutaji wasioacha. Waliokufa hawanunui paketi. Ili gawio liendelee kuja miaka 20 kutoka sasa, lazima watoto ambao leo wako darasa la tatu wajifunze kuvuta. Wewe umewafundisha watoto wa darasa la tatu. Huwezi kuyaomba hayo kwa Mungu, na wala hujapotoka kwa kushindwa. Mfuko mkubwa wa akiba wa nchi ya Norway, unaotokana na mafuta ya petroli na unaosimamiwa na wachumi waliobobea, ulijiondoa kwenye kampuni za tumbaku mwaka 2010. Mwambie mwanao kwamba mama yake hayuko peke yake, wala hayuko nyuma ya wakati.

Bia siiweki kwenye kapu moja na sigara, na nitalisema hili nikijua wewe ni Msabato. Wazee wa Mara, Wazanaki, Wakurya na wengine, walikaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake, na hapo yaliamuliwa mambo ya ndoa, mipaka na ng'ombe. Kwa hiyo anayetaja maadili ya jadi mkoani kwetu lazima aulizwe: jadi ya nani? Ya kwako ni ile iliyoingia Majita na wamisionari wa Kisabato kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikamfikia baba yako, ikafika kwako, na ndani yake pombe ni mwiko. Inatosha. Huhitaji kumshinda mwanao kwa hoja ndipo uruhusiwe kukataa. Fedha ni zako.

Hata kwa hesabu tupu ushauri wake una shimo. TBL iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, TCC mwaka 2000, na kweli zimetoa gawio zuri. Lakini hisa hizo hazibadilishani mikono mara nyingi. Bei ya TBL ilikaa shilingi 10,900 kwa miaka kadhaa mfululizo, na ya TCC ikaganda kwenye 17,000. Mama wa miaka 60 akiugua na kutaka kuuza, anahitaji mnunuzi siku hiyohiyo, na kwenye hisa za namna hiyo anaweza kumsubiri sana.

Hilo la hisa limekwisha. Kilichonitia hofu kwenye barua yako ni shoga yako, na naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote.

Milioni 10 zikuletee milioni moja na nusu kila mwezi ni asilimia 15 kwa mwezi, na hapo shoga yako hajachukua chake wala hajafidia wale watakaoshindwa kulipa. Maana yake akina mama wa sokoni watatozwa asilimia 30 au zaidi: amechukua laki moja, anarudisha laki na thelathini ndani ya siku 30, kidogo kidogo kila jioni, na akikosa siku moja faini inapanda. Jina lake mtaani unalijua. Ni kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho milioni 10 zako zingezaa laki tatu na nusu, kabla ya gharama. Hiyo laki kumi na moja na nusu inayobaki itatoka kwenye beseni la dagaa la mtu.

Wewe ni mwalimu, hili huhitaji kuambiwa na mtu wa gazeti. Unawajua wenzako walioacha kadi ya benki na namba ya siri mikononi mwa mkopeshaji. Mwisho wa mwezi yeye ndiye anakwenda kwenye mashine, anatoa mshahara wote, na mwalimu anasimama pembeni akisubiri ahesabiwe cha kununulia unga. Nami nimeona kwa macho yangu Bunda, karibu na stendi. Mama lishe mmoja alichukua laki mbili mtoto alipolazwa. Alilipa kila jioni kwa wiki tatu, kisha mvua zikanyesha siku nne mfululizo, wateja wakapungua, akachelewa. Walikuja saa nne asubuhi wateja wakiwa wamekaa, wakabeba mtungi wa gesi, masufuria na benchi. Sasa anaosha vyombo kwenye mgahawa uliokuwa jirani yake.

Pima kwa kipimo kilekile. Mkopeshaji wa kausha damu akipiga magoti anaomba nini? Mteja akilipa kwa wakati, faida ni ya kawaida. Akichelewa ndipo inanona. Kwa hiyo anaomba mvua inyeshe, mtoto augue, dagaa wasikauke. Na anayeombewa hayo ni dada mnayekaa naye benchi moja siku ya Sabato. Nimekaa makanisani tangu utoto, mimi ni mtoto wa Kanisa la Mennonite, lile lililoanzia Shirati mwaka 1934. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu pombe. Kuhusu marejesho ya kila jioni sikumbuki hata moja, wakati kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamtaja waziwazi anayemkopesha maskini na kumgeukia kama mdai. Tumejifunza kuikagua chupa, hatujajifunza kulikagua daftari la mkopeshaji.

Na hapa nirudi kwenye mrija. Mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alipoongoza chama chake kupitisha Azimio la Arusha Februari 1967, kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na sikuombi uishi kwa sheria iliyokwisha kuondolewa, tena iliyowahusu viongozi. Lakini wimbi lile lilituachia neno ambalo mtu wa Mara analielewa kuliko wengine: kukata mirija. Mrija kwenye chungu cha wazee hauna ubaya wowote, kila mtu anakunywa walichochangia wote. Ubaya unaanza mtu anapouchomeka mrija wake kwa mwenzake. Kikoba chenu, kama mnacho hapo Iringo, ni chungu. Riba mnayotozana inarudi kwenu mkivunja mwisho wa mwaka, na aliyekopa anagawana faida na aliyekopesha. Cha shoga yako hakina mgawo wa namna hiyo.

Jambo moja zaidi kabla ya kuachana na habari za kanisani: usimwamini mtu na fedha zako kwa sababu anaomba vizuri. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walikuwa wameweka fedha DECI, mpango uliosimamiwa na wachungaji, uliotumia lugha ya kupanda na kuvuna kana kwamba ni shamba. Aliyepanda wa kwanza alivuna kwa fedha ya aliyepanda wa pili. Serikali iliufunga, viongozi wake wakafikishwa mahakamani Dar es Salaam na kutiwa hatiani mwaka 2013. Wengi waliolia walikuwa waumini wanyofu kama wewe, waliojiuliza kama mpango ni wa watu wa Mungu na kusahau kuuliza faida inatoka wapi.

Sasa fedha yenyewe.

Toa milioni 5 uziweke mahali unapoweza kuzichukua haraka, kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo. Hizi usizipangie kitu kingine.

Kiasi kikubwa, tuseme milioni 20, ningekishauri kiende kwenye hatifungani za serikali, yaani uikopeshe serikali kwa riba. Kima cha chini ni milioni moja, riba hulipwa kila miezi sita, na unaweza kununua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, ambaye atakufungulia akaunti ya CDS, inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako. Riba ikiwa asilimia 12, kwa mfano, milioni 20 zinakupa milioni mbili na laki nne kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi. Ni kidogo kando ya milioni moja na nusu ya shoga yako, najua. Ila hakuna mtungi wa gesi utakaobebwa. Umri wako uzingatiwe: usijifunge kwa miaka 25 na kila ulicho nacho. Hatifungani inaweza kuuzwa sokoni kabla ya muda wake, lakini bei ya siku hiyo huenda ikawa chini ya uliyonunulia. Gawanya, nyingine za miaka michache, nyingine za miaka mingi.

Zipo pia hatifungani zinazotaja kazi ya fedha zake, na kwa mtu mwenye swali kama lako naziona ni za kutafutwa. Mwaka 2022 NMB ilitoa hatifungani ya Jasiri kwa ajili ya mikopo ya biashara za wanawake. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, fedha za kupanua huduma ya maji. Mwenye hatifungani ile anaomba mabomba ya Tanga yasikauke. Hiyo ni sala ambayo baba yako angeitikia amina. Hatifungani iliyokwisha kutolewa, ambayo muda wake haujaisha, unaweza kuitafuta kwa wanaouza sokoni; dalali akusaidie kuulizia.

Angalizo kuhusu mifuko ya pamoja. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS hiyohiyo, ulioanza mwaka 2005, ni mzuri na umewasaidia wengi, lakini unachanganya hatifungani na hisa za kampuni zilizoorodheshwa. Unaweza kuikimbia bia mlangoni ukaikuta chumbani. Uliza fedha zimewekwa wapi, ni haki yako kuelezwa. Mfuko wao wa Hatifungani wa mwaka 2019 unakufaa zaidi, na una utaratibu wa kulipa kipato kila mwezi au kila nusu mwaka. Wasomaji wangu Waislamu wa Musoma, ambao kwao riba yenyewe ndiyo tatizo, jibu lao ni jingine: waanzie kwenye benki zinazofuata sharia, kama Amana, iliyofunguliwa mwaka 2011, na madirisha ya kiislamu ya benki kubwa.

Mkwe wako hujamwelezea sana, kwa hiyo sitamhukumu. Uvuvi ni kazi halali na ziwa limetulea. Ila kabla hujampa shilingi, panda gari uende Majita ukakae naye nusu siku mwaloni. Nyavu anazotaka ni zipi, na matundu yake yana ukubwa gani? Akitaja nyavu haramu kama kokoro au makila, rudi nyumbani. Sangara asiyefika sentimita 50 hajapata nafasi ya kuzaa, na anayemvua leo anamwibia mvuvi wa keshokutwa. Vijana watakaoingia majini wanalipwaje, na mtumbwi ukirudi mtupu deni la mafuta linamwangukia nani? Utakuwa tajiri wao, kama wanavyosema mwaloni, hata kama wewe unaishi Iringo na hujui kuogelea.

Na kuna swali ambalo mwanao na mkwe wako wote hawawezi kulijibu kwa niaba yako. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, siku za giza. Usiku wa Ijumaa, Sabato ikiwa imeshaingia, mtumbwi wako utaingia ziwani? Kama hapana, vijana wataukubali usiku huo bila kipato, na wewe utaukubali upungufu? Malizaneni kabla ya kununua hata kasia, muandike, asaini yeye, na mkewe, yaani binti yako, awe shahidi. Usizidishe milioni 7 kwenye jambo hili, kwa sababu injini huibwa na dhoruba haipigi hodi.

Kiasi kitakachobaki kiache benki miezi sita. Mtu aliyepata fedha nyingi kwa mara ya kwanza hushikwa na haraka ya kuzipangia zote, na haraka hiyo ndiyo matapeli wanaiwinda.

Mwanao mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Mshukuru, maana amekuwazia mema na ametumia elimu uliyomlipia. Msimulie habari ya ulezi. Inawezekana hajawahi kuisikia. Kisha mpe kazi anayoiweza kuliko mimi: akutafutie dalali mwenye leseni, akusomee masharti, akupigie hesabu za riba na muda.

Kwa shoga yako nenda mwenyewe kwa miguu, kesho, umwambie hapana kabla hajaanza kuahidi watu fedha zako. Na kama kuna mama pale sokoni unayemjua, mwenye shida ya laki moja, mpe laki moja. Akija kukurudishia, pokea laki moja.